Mbwa anayepaniki akiona mbwa mwenzake au mgeni: tulivyomshusha presha Shaba. Mnaohangaika karibuni tusaidiane

#1 Kamba Ndefu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa yule anayemtoa mbwa wake usiku wa manane ili asikutane na kiumbe chochote. Yule anayechungulia kona kabla hajaikata, anayevuka barabara mara tatu ndani ya dakika kumi, anayerudi nyumbani viganja vimechubuka na uso umemwiva kwa aibu. Nimeishi hivyo karibu mwaka mzima, najua inavyochosha. Watu hawaoni jinsi unavyompenda mnyama wako, wanaona tu mtu aliyeshindwa naye.

Mbwa wangu anaitwa Shaba, kwa ajili ya rangi yake. Dume, tulimchukua akiwa ameshakomaa, miaka kama 3 hivi. Ndani ni mpole kupita maelezo, analaza kichwa juu ya miguu ya mwanangu na kusinzia. Nje, akimwona mbwa mwingine hata kwa mbali, mwili unakakamaa, manyoya ya mgongoni yanasimama, halafu anainuka kwa miguu ya nyuma na kubweka mpaka sauti inakwaruza. Siku moja nilipomvuta nyuma aligeuka akaidaka suruali yangu kwa meno. Hakunikusudia mimi, kwa sababu dakika ile hata hakujua nani kamshika. Ndiyo siku niliyoogopa kweli.

Nianze na nilipokosea, maana naona wengi tunapitia humo humo.

Kwanza nilidhani ana nguvu zilizozidi na dawa yake ni kumchosha. Nikawa namkimbiza asubuhi na jioni, halafu namrushia mpira uani mara 50, mara 60, mpaka ulimi unaning'inia. Anarudi ndani anahema, anazunguka, hakai. Baada ya miezi miwili nilikuwa na mbwa yule yule, ila sasa ana pumzi ndefu zaidi ya kubwekea.

Kosa la pili ni lile la "mpeleke tu, atazoea". Nikampeleka kwenye uwanja wanakokutana mbwa wengi, nikasimama naye pembeni nikingoja atulie. Baada ya nusu saa akanyamaza, nikafurahi. Leo nikikumbuka alivyokuwa naumia: mkia kaubana katikati ya mapaja, anaramba midomo mfululizo, weupe wa macho unaonekana pembeni, anapiga miayo ile isiyo ya usingizi. Ule haukuwa utulivu. Alikuwa amekata tamaa, hana pa kwenda, kamba fupi, mimi nimemshikilia. Wiki iliyofuata akawa mbaya kuliko mwanzo.

Kilichonigeuza ni swali la mkufunzi mmoja mtu mzima. Hakumgusa Shaba, hakutoa amri yoyote. Alikaa akamtazama kama dakika 20, kisha akaniuliza: "Huyu mara ya mwisho amelala mchana lini?" Nikakosa jibu. Mbwa mkubwa hulala nusu ya siku au zaidi, saa 12 hadi 14 kati ya 24, na wa kwangu alikuwa siku nzima dirishani analinda barabara. Kila kivuli kikipita, anabweka.

Naandika sehemu ya pili sasa hivi, msiondoke.

#2 Kamba Ndefu (mleta mada)

Tunaendelea.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tunaisema kwa akiba, lakini ndani ya mwili wa mbwa msongo nao hujazana vivyo hivyo. Chukua siku moja ya Shaba wa zamani. Asubuhi mlango umegongwa kwa nguvu. Saa nne wamepita watoto wanakimbia. Mchana mpira mara 50. Alasiri pikipiki imepiga honi karibu na sikio lake. Jioni, ng'ambo ya barabara, katokea kambwa kadogo hata hakajamtazama, Shaba kalipuka. Sisi tunasema anakachukia kale kambwa, kumbe kenyewe kalikuwa punje ya mwisho tu, kibaba kilishajaa tangu mchana.

Mwilini kinachotokea ni hiki. Akishtuka, adrenalini inapanda papo hapo, moyo unakwenda mbio, misuli inajiandaa kupigana au kukimbia. Hiyo hushuka upesi. Nyuma yake inakuja homoni ya kotisoli, nayo hukawia zaidi kuondoka. Ukimshtua tena kabla haijashuka, unamwongezea juu ya ile iliyobaki. Ndiyo maana mbwa aliyetoka kulipuka huwa mwepesi zaidi kulipuka tena muda mfupi baadaye.

Kwa hiyo mkufunzi aliniambia, kabla ya kumfundisha lolote, tupunguze kilichomo. Kwa wiki mbili hatukukanyaga barabara ile. Wiki mbili nzima, wakuu, na moyoni nilikuwa nahisi namnyima haki yake ya matembezi. Nusu ya chini ya dirisha tukaibandika karatasi ili asione nje. Mpira ukafichwa. Kitanda chake kikahamishwa kutoka mlangoni kwenda kona ambayo hakuna anayepita, na watoto wakaelezwa kwamba akiwa pale haguswi na mtu. Siku tatu za mwanzo alikuwa anaenda dirishani, anatazama karatasi, anarudi, anaenda tena. Siku ya nne nilimkuta amelala ubavu, miguu imenyooka, mdomo umelegea. Nilisimama mlangoni nikaogopa hata kupumua.

Nje tulikuwa tunakwenda sehemu moja tu, eneo la majani lisilo na watu, saa zisizo na watu. Kamba ya mita 10, imefungwa kwenye mkanda wa kifua. Nasisitiza KIFUA. Kamba ndefu usiifunge shingoni hata siku moja, mbwa akichomoka mbio kamba ikaishia hapo utamuumiza shingo. Hapo hakuna "kaa", hakuna "tembea karibu yangu". Anakwenda anakotaka, mimi nafuata.

Siku ya kwanza alisimama kwenye kishungi kimoja cha majani dakika nne. Niliangalia saa. Pua inatekenyeka, anavuta hewa haraka haraka, anapuliza, anavuta tena, anahamia jani la pembeni anarudi lile lile. Mimi wa zamani ningemvuta, "haya twende". Alipomaliza alijikung'uta kuanzia masikioni hadi ncha ya mkia kama aliyetoka majini, akatoa pumzi moja ndefu, akajilaza. Kule kujikung'uta nimekuja kujua ni dalili nzuri, mwili unajiachia baada ya kukaza. Sasa hivi nakusubiri kama mtu anavyosubiri mvua.

Kunusa si kupoteza muda. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, wengine hufika milioni 300, wakati sisi tuna kama milioni 5 au 6. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha jaribio zuri sana. Mbwa wa majumbani kundi moja lilifanya mazoezi ya kutafuta chakula kwa pua kwa wiki mbili, kundi jingine likafanya mazoezi ya kutembea sambamba na mwenye mbwa. Baadaye kila mbwa akawekewa bakuli mahali ambapo hawezi kujua lina kitu au ni tupu. Waliokuwa wakinusa walikimbilia bakuli lile upesi kuliko kabla ya mazoezi, yaani walitarajia mema. Kundi la pili halikubadilika. Mbwa anayepaniki ni mbwa anayetarajia mabaya kila kona, kwa hiyo ona umuhimu wake hapo.

Nyumbani chakula chake hakikuingia tena kwenye bakuli. Tulikimwaga kwenye majani akitafute punje kwa punje, au tukakikunja ndani ya taulo kuukuu, au tukakitia kwenye boksi lenye makaratasi yaliyofinyangwa. Jioni tunampa kitu cha kutafuna au cha kuramba taratibu. Kutafuna na kuramba humshusha mbwa, mpira humpandisha. Sisemi mpira ni haramu, ila kwa mbwa aliyejaa usianzie huko.

Mafunzo yenyewe ya kumfanya amwone mbwa mwenzake bila kulipuka nitayaleta usiku. Maswali karibuni.

#3 Mzee wa Kona

Mleta mada, umeniandika mimi humu. Mimi ndiye wa kuchungulia kona, hata jina langu linajieleza. Jike langu ana miaka minne, hapendi wanaume wageni. Nimeshajaribu kumpa nyama akibweka, anaitema au hata haioni. Naomba msaada, hali chochote akiwa nje.

#4 Kamba Ndefu (mleta mada)

Pole sana mkuu. Kutokula kwake kunakuambia kitu kikubwa: uko karibu mno na kinachomtisha. Mwili ukiwa katika hali ya kupigana au kukimbia, tumbo halina kazi. Usibadilishe nyama, badilisha umbali. Kama mita 15 hali, rudi 30. Kama 30 hali, rudi 60, au mtazame mtu kutoka ndani ya gari, au nyuma ya uzio. Kuna umbali ambao atamwona yule mtu, masikio yatasimama, halafu bado ataweza kukutazama wewe na kula. Kazi yote inafanyikia hapo. Sisi kwa Shaba tulianzia kama mita 70. Nilikuwa naona mbwa wa watu kama nukta tu.

Akikudaka kipande kwa ukali mpaka meno yanagusa vidole, hiyo nayo ni taarifa. Anakula lakini amekaza, ongeza hatua kadhaa za kurudi nyuma.

#5 Chuma cha Pua

Kwa heshima zote, naona mnamlea sana huyo mbwa. Mbwa ni mnyama wa kundi, lazima ajue bosi nani. Baba yangu alifuga mbwa miaka mingi, mbwa akibweka ovyo anavutwa kola mara moja, habweki tena. Kuna zile kola za miiba kwa ndani, wiki moja tu anashika adabu. Hizi habari za kunusa majani ni kupoteza muda.

#6 Kamba Ndefu (mleta mada)

Ndugu yangu, sikukatalii kwamba ananyamaza. Wa kwangu nilimvuta hivyo hivyo kwa miezi, na siku nyingine alinyamaza. Tatizo ni anachojifunza. Yeye hajui kwamba umemvuta kwa sababu ya kubweka. Anachojua ni kwamba kila akitokea mbwa mwenzake, shingo inauma. Alikuwa na hofu moja, sasa anazo mbili. Zaidi ya hapo, ukimwadhibu kwa kunguruma utafanikiwa kuondoa kunguruma. Hofu iko pale pale, onyo ndilo halipo. Kesho ataruka moja kwa moja kwenye kung'ata na watu watasema "kang'ata ghafla". Mimi huwa nashukuru mbwa anaponguruma, kanipa nafasi ya kuondoka.

Habari ya bosi wa kundi ilitoka kwa Rudolf Schenkel, aliyechapisha mwaka 1947 baada ya kuwatazama mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja. David Mech, aliyewafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu, baba na mama na watoto wao. Hakuna anayepigania ukubwa kila siku. Hata wale wanaoitwa bosi ni wazazi.

Na mwaka 2020 watafiti wa Ureno walipima mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za aina mbili. Waliofundishwa kwa kuvutwa na kukaripiwa sana walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulika na tabia, AVSAB, mwaka 2021 kikatamka wazi kwamba njia za zawadi ndizo zitumike kwa mbwa wote, hata wale wakali.

Baba yako naamini alimpenda mbwa wake, alitumia alichokijua wakati ule. Mimi nilitumia hicho hicho na nikajuta. Karibu sana uendelee kuwa nasi kwenye uzi.

#7 Tabibu wa Wanyama

Naomba nichomekee jambo kabla hamjafika mbali. Kabla ya mafunzo yoyote, mbwa apimwe. Nyonga, magoti, mgongo, meno, masikio, ngozi, tumbo. Mbwa mwenye maumivu hataki kusogelewa, na hawezi kusema. Mwaka 2020 mtafiti Daniel Mills na wenzake waliandika kwamba hata kwa makadirio ya chini, karibu theluthi moja ya mbwa na paka waliowafikia kwa matatizo ya tabia walikuwa na maumivu ndani yake. Ukiona mbwa aliyekuwa mtulivu amebadilika ghafla, au anayesita kupanda ngazi, au anayegeuka ukimgusa kiunoni, usianze na nyama mfukoni, anza na daktari.

Mleta mada, naomba uendelee. Uzi mzuri.

#8 Kamba Ndefu (mleta mada)

Asante sana daktari. Na kweli, Shaba alikutwa na jino lililopasuka nyuma kabisa. Lilipong'olewa hakuwa malaika, ila kushtuka kukapungua waziwazi. Nilipaswa kuandika hilo mwanzo kabisa, naomba radhi wasomaji.

Haya, mafunzo yenyewe.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alichapisha jinsi alivyomsaidia mtoto aliyemwita Peter, hajafika hata miaka 3 alipoanza naye, aliyekuwa anaogopa sungura. Alimkalisha kwenye kiti anakula anachokipenda, sungura akaletwa ndani ya tundu lakini mbali, umbali ambao mtoto anaendelea kula. Siku hadi siku tundu likasogezwa. Mwishoni Peter alikuwa anamshika sungura kwa mkono wake. Tunachomfanyia mbwa ni hicho hicho, na siri yote imo katika maneno "umbali ambao anaendelea kula".

Kwa vitendo: simama kwenye umbali ulioupata. Vipande viwe vidogo kama kucha ya kidole kidogo, vya kitu anachokipenda kuliko vyote na ambacho hakipati wakati mwingine wowote. Mbwa mwingine anatokea. Subiri Shaba AMWONE. Sekunde moja baadaye, kipande. Kingine. Kingine. Yule anapopotea kwenye kona, mkono unaingia mfukoni na chakula kinakoma. Mpangilio huu ndio mimi nilikuwa nauharibu: nilikuwa namwona mbwa mimi kwanza, nashtuka, naanza kumlisha kabla yeye hajaona. Matokeo yake akajifunza kwamba nikitoa nyama kuna hatari inakuja, akaanza kukagua barabara kila nikigusa mfuko. Mbwa kwanza, nyama baadaye. Kila mara.

Hakuna amri hapo. Simwambii "kaa". Mbwa aliyekalishwa kwa amri huku anatetemeka bado anatetemeka, ila sasa kakaa.

Tulifanya dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa wiki, siku za katikati ni majani na kulala. Kama wiki ya tano hivi ndipo nilipoona kile nilichokuwa nakisubiri. Akatokea mbwa mweusi mkubwa, Shaba akamwona, masikio yakasimama, halafu shingo ikageuka, akanitazama mimi usoni. Hakuna aliyemwita. Alikuwa anauliza nyama yangu iko wapi. Nililia, siwafichi.

Toka hapo ndipo tulianza kusogea, hatua mbili tatu kwa wiki, na siku mbaya tulirudi nyuma bila kinyongo.

#9 Dada wa Bustanini

Kaka, samahani, kuna kitu kinanitatiza. Ukimpa nyama huku amekwishaanza kubweka, si unamlipa kwa kubweka? Atabweka zaidi apate nyama.

#10 Kamba Ndefu (mleta mada)

Swali zuri dada yangu, na mimi liliniumiza kichwa. Kuna mwanasayansi Pavlov, aliyewazoesha mbwa kwamba kengele ikilia chakula kinakuja. Mbwa wale hawakuamua kutoa mate, kengele ililia na mate yakatoka yenyewe. Hofu iko upande huo. Mbwa habweki kwa mahesabu ya "nibweke nilipwe", anabweka kwa sababu mwili umemzidi nguvu. Ukiibadilisha hisia iliyo chini, kubweka kunakosa mafuta. Mtoto akilia kwa kuogopa radi ukampakata, humfundishi kuogopa radi.

Ila akishafika kubweka, mara nyingi hata hawezi kula, na hapo hakuna somo linaloingia. Ondoka naye. Siku ya kubweka isiwe siku ya mafunzo.

Angalizo moja: wapo wanaobweka si kwa hofu bali kwa kutamani, wanataka kumfikia mwenzao na kamba inawazuia. Mwili wao huwa tofauti, umelegea zaidi, wanalialia, wanaruka mbele badala ya kurudi nyuma. Umbali na zawadi huwafaa hao pia, lakini usimwachie akimbilie kila mbwa, atajifunza kwamba kupiga kelele kunafungua njia.

#11 Ghorofa ya Tano

Mimi ninaishi ghorofani. Umbali wa mita 70 nautoa wapi? Tunakutana na watu kwenye ngazi, uso kwa uso. Juzi nusura amdake mzee mmoja mkono. Sijalala vizuri tangu siku ile.

#12 Kamba Ndefu (mleta mada)

Pole sana, kwenye ngazi ni kugumu kuliko kote. Mambo mawili ya kufundisha NDANI ya nyumba, mkiwa wawili tu, wiki mbili kabla hujayahitaji.

La kwanza ni kugeuka. Chagua neno moja la furaha, sisi tunasema "huku!". Mnatembea sebuleni, unalisema, unageuka nyuma, anakufuata, anapata vipande vitatu. Mara kumi kwa siku. Lisemwe kwa sauti ile ile ya furaha hata siku ambayo moyo unakudunda, maana mkono wako ukikaza kamba anajua.

La pili ni "tafuta". Unalisema na kumwaga konzi ya vipande sakafuni. Kichwa kinashuka, pua inafanya kazi, macho yanaacha kumkodolea mtu. Kwenye ngazi unajibanza kwenye kona ya korido, mwili wako katikati yake na mgeni, "tafuta", mtu anapita. Hayo hayatamponya, ila yatawavusha salama.

Na kwa ngazi zile mvalishe kikapu cha mdomo, kile chenye matundu kinachomruhusu kuhema ulimi nje, kunywa maji na kupokea vipande. Usikivalishe kwa nguvu siku moja. Weka chakula ndani yake, yeye mwenyewe atumbukize pua, siku kadhaa hivyo bila kufunga mkanda. Kumvalisha mbwa kikapu si aibu, mzee wa watu atapita na mkono wake, na wewe utapumua.

Ikitokea amemng'ata mtu hata kidogo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati.

#13 Bibi Asubuhi

Wanangu, mimi wa kwangu ana miaka 8. Samaki mkunje angali mbichi, huyu wangu keshakauka. Nijisumbue?

#14 Kamba Ndefu (mleta mada)

Jisumbue bibi, shikamoo. Mtoto wa mbwa ana dirisha lake, kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14, ambapo anachokiona anakizoea kwa wepesi. Dirisha hilo likishafungwa haliwi rahisi tena, lakini hisia zinaendelea kubadilika mpaka uzee. Wa miaka 8 mpime viungo kwanza kama daktari alivyosema hapo juu, halafu anza na kunusa. Mzee hata kukimbia hahitaji, mpe nusu saa ya majani na umwache asimame anapotaka.

#15 Tabibu wa Wanyama

Nijazie hapo. Wapo mbwa ambao umbali wote duniani hauwatoshi, wanapaniki hata ndani, hawalali, hawali. Hao wapelekeni, dawa zipo. Fluoksetini kwa mfano huchukua wiki 4 hadi 6 kabla hujaona kazi yake, na haimpumbazi mbwa ikitolewa ipasavyo, inamfungulia mlango wa kujifunza. Ni ya kuandikiwa na daktari aliyemwona mbwa. Tafadhali msichukue dawa za kabati la nyumbani. Ibuprofeni tu inaweza kumuua mbwa.

#16 Ghorofa ya Tano

Nimeanza kikapu leo. Ametumbukiza pua mara sita mwenyewe. Asanteni, nimepata nguvu.

#17 Chuma cha Pua

Nimesoma uzi wote mara mbili. Sijakubali yote. Lakini lile la kumwondolea onyo limenikaa kichwani, maana yule wa baba mwishoni alimng'ata shangazi bila hata kunguruma. Jumamosi nitanunua kamba ndefu nione.

#18 Kamba Ndefu (mleta mada)

Shukrani ndugu yangu, pole kwa shangazi. Utupe mrejesho.

#19 Mzee wa Kona

Mrejesho, wiki ya saba.

Nilifunika dirisha. Niliacha matembezi ya barabarani siku 16. Nilipata sehemu nyuma ya bohari la zamani, majani marefu, hakuna mtu. Mwanzoni jike langu hakujua afanye nini na kamba ile ndefu, alikuwa anatembea ubavuni kwangu kana kwamba ni fupi. Siku ya tatu alitoka mita mbili, akanigeukia, akatoka nyingine mbili.

Leo saa 11 jioni tulikuwa ukingoni mwa uwanja, nimekaa chini, yeye kasimama. Akapita mwanaume na mwavuli, kama mita 40. Mkia ukasimama wima. Nikahesabu moja. Nikatoa kipande, akakichukua kwa midomo, si kwa meno. Cha pili hivyo hivyo. Yule bwana alipofika karibu na mti akafungua mwavuli, nikajua basi tumekwisha. Akaruka nyuma hatua moja, akabweka MARA MOJA, akajikung'uta mwili mzima, akainamisha pua kwenye majani.

Nimekuja moja kwa moja kuwaandikia. Mikono bado inatetemeka. Kesho namrudisha pale pale saa ile ile, tumshike moto moto.

#20 Kamba Ndefu (mleta mada)

Mkuu, nimesoma hapa nimesimama. Kujikung'uta na kunusa mwenyewe, baada ya mwavuli! Umefanya kazi kubwa sana.

Ila kesho usimpeleke. Mwavuli ule bado umo mwilini mwake. Kesho mwache alale, jioni mmwagie chakula kwenye majani ya nyuma ya bohari, kesho kutwa vivyo hivyo. Siku ya tatu ndiyo mrudi uwanjani, na muanze mita 50.